UZI: Mkopo umeidhinishwa, ila kila siku nadaiwa "kidogo tu" kwanza. Nitume au niwache?

Msimu_Umelala (Jumatatu, saa 3:10 usiku)

Hamjambo wote. Nilikuwa nafanya kazi ya vyumba kwenye hoteli moja huku Bamburi. Msimu ulipolala tukaambiwa twende nyumbani bila mshahara, tutaitwa wageni wakirudi. Mpaka leo simu haijalia.

Madeni nayataja wazi kwa sababu hapa hakuna anayenijua. Kodi ya nyumba miezi miwili, 13,000. Mikopo ya simu miwili, jumla 9,400, nayo inapanda. Duka la mtaani 2,700. Na chama 15,000, hili ndilo linaloninyima usingizi kwa maana mweka hazina ni shemeji yangu, kila nikisikia mlango unagongwa nadhani ni yeye.

Wiki jana nikaona tangazo Facebook: mkopo mpaka 300,000, bila mdhamini, hata ukiwa CRB (kule wanakoandikwa wasiolipa mikopo), pesa ndani ya dakika 30. Nikajaza fomu. Haikupita robo saa, akanipigia dada mmoja, sauti ya ofisi hasa, ananiita "mteja wetu". Nikatumiwa barua kwa WhatsApp kwamba nimeidhinishiwa 80,000, riba 1% kwa mwezi, nilipe miaka miwili.

Ijumaa wakataka 1,150 ya kufungua faili. Nikatuma. Jumamosi wakataka 2,400 ya bima, ati itarudishwa pamoja na mkopo. Nikakopa kwa jirani, nikatuma. Leo wanasema pesa zimeshatoka ila zimekwama njiani, kwa kuwa M-Pesa yangu ni ya daraja la chini haiwezi kupokea 80,000. Nitume 3,200 ipandishwe.

Swali langu ni moja. Nimeshatoa 3,550. Nikiwacha hapa si ndio nimezitupa? Mke wangu ana pesa za karo kwenye kibubu, hajui lolote. Kesho asubuhi anaenda sokoni.

Khalti_wa_Kisauni (saa 3:14)

Usitume. Na hicho kibubu usikiguse. Nitaeleza, wacha niepue chungu kwanza.

FerryYaPili (saa 3:16)

Hiyo barua ina mihuri mingapi?

Msimu_Umelala (saa 3:17)

Mitatu. Na picha ya ngao ya serikali.

FerryYaPili (saa 3:18)

Yakhe, hata hati ya shamba la babu yangu ina muhuri mmoja.

Wakala_Mstaafu (saa 3:41)

Ndugu, nilikaa kwenye kibanda cha M-Pesa pale Kongowea miaka minane. Nitakuambia nilichokuwa nakiona kutoka ndani ya dirisha.

Watu wa aina yako nilikuwa nawajua kabla hawajafungua mdomo. Mtu anakuja kuweka pesa, hesabu si kamili. Si 1,000, si 2,000. Ni 1,150, ni 1,870, ni 2,400. Wameipanga hivyo makusudi ili ifanane na risiti. Mtu akikuambia "nitumie elfu moja" utamshuku, akikuambia "1,150" unaona kama kuna mtu mahali amekaa na kikokotoo. Tena hesabu yenyewe haizidi kile unachoweza kukopa kwa jirani usiku huo huo. Hawakuombi 20,000 kwa sababu wanajua huna.

Wewe unadhani biashara yao ni mikopo. Biashara yao ni hiyo 1,150. Asubuhi wanawapigia watu mia, kumi wakituma siku imelipa. Wale waliotuma mara moja ndio wanaowekwa kwenye daftari la pili, la watu wa "bima". Walioshatuma bima wanaingia daftari la tatu. Wewe uko daftari la tatu sasa, na swali ulilouliza hapo juu ndilo wanalolitegemea. "Nikiwacha si nimezitupa?" Zimeshatupwa kaka. Zilitolewa kwa wakala dakika chache baada ya wewe kutuma. Hiyo 3,200 haiwezi kwenda kuzirudisha, itakwenda kulala nazo.

Kuna mama mmoja muuza samaki, sitamsahau. Alikuja na 4,500 zimekunjwa ndani ya leso, zina harufu ya ngisi. Nikamuuliza, mama unamtumia nani? Akasema ada ya mkopo. Nikamwambia usitume. Alinikasirikia, akaniambia sitaki aendelee kimaisha, akachukua pesa zake akaenda kibanda cha tatu kutoka kwangu. Akaweka. Baada ya siku tatu akapita mbele ya dirisha langu bila kunitazama. Hakunisalimu tena mpaka nilipowacha kazi ile.

Halafu hili la daraja la M-Pesa. Ni uongo mtupu. Tangu 2023 akaunti ya M-Pesa ya mtu wa kawaida inaweza kukaa na 500,000, na muamala mmoja unaweza kufika 250,000. Elfu 80 inaingia hata kwenye simu ya mulika mwizi. Ukitaka kuhakikisha piga 100, waulize Safaricom wenyewe.

Swali moja kwako: ulipotuma, lile jina linalojitokeza kabla hujathibitisha lilikuwa la kampuni au la mtu?

Msimu_Umelala (saa 3:49)

La mtu. Mwanamume. Nikauliza, yule dada akasema ni mhasibu wao.

Wakala_Mstaafu (saa 3:50)

Na Jumamosi?

Msimu_Umelala (saa 3:52)

Jina jingine. La kike.

FerryYaPili (saa 3:53)

Wahasibu wawili kwa siku mbili. Kampuni kubwa kweli.

Mwanahisa_Mikindani (saa 4:05)

Mimi nawapinga kidogo. Sio kila anayetaka pesa kwanza ni tapeli. Sacco yangu niliingia kwa kulipa ada ya kujiunga, nikanunua hisa, nikaweka akiba miezi sita ndipo nikapewa mkopo. Hiyo si kulipa kwanza? Mkimwambia kila ada ni utapeli mtamfukuza hata palipo na haki.

Khalti_wa_Kisauni (saa 4:19)

Umesema jambo la maana, babangu, na hapo ndipo wanapojificha. Lakini tazama vizuri. Hisa zako za sacco ni zako, ziko kwenye kitabu, mgao unapata. Pesa uliweka kwenye akaunti ya sacco yenyewe, ukapewa stakabadhi, tena walikuweka miezi sita wakutazame wewe ni mtu gani kabla hawajakupa shilingi. Na walitaka wadhamini. Huyu kijana kaidhinishwa na watu wasiojua hata anakaa mtaa gani, kisha ndio wanamdai ada. Mambo yamepinduliwa miguu juu.

Sacco zinazopokea amana zinasimamiwa na SASRA, mamlaka ya serikali, na orodha yao iko wazi kila mwaka. Mtu akikutajia sacco, usimuulize yeye. Funga simu, tafuta ofisi yao mjini, ingia kwa miguu yako.

Afisa_Mikopo_MSA (saa 4:37)

Nafanya kazi hii hii ya kukopesha, kwenye taasisi moja hapa mjini, sitaitaja. Niongeze mawili matatu.

Ada za mkopo zipo, tusidanganyane. Kuna ya kushughulikia maombi, kuna bima ya mkopaji akifa. Lakini kwa mikopo midogo kama huu wako zinakatwa ndani ya mkopo wenyewe. Umeomba 50,000, zinaingia 48,000 na kitu, karatasi inaonyesha kilichokatwa. Pesa inatoka kwetu kuja kwako. Panapokuwa na gharama ya kutoa mfukoni ni kwa mkopo mkubwa wenye dhamana, mathalan gari au nyumba, pale mthamini anahitaji kulipwa akague mali. Hata huko mthamini unamwona kwa macho, anakuja na kamera anazunguka gari lako. Hakuna mthamini wa WhatsApp.

CRB nayo wanaitumia kama jini la kutishia watoto. Kenya zenye leseni ni tatu tu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kila mwaka una haki ya kupata ripoti yako mara moja bila malipo. Cheti cha kuonyesha huna deni unakiomba kwa CRB yenyewe, si kwa dada wa simu. Tangu kanuni za 2020 deni lisilofika 1,000 halipelekwi huko kabisa. Na anayeweza kurekebisha jina lako ni yule aliyekupeleka, ukishamlipa au mkikubaliana kuwa alikosea. Kwa hiyo mtu anayekuambia "nitumie 1,800 nikufute CRB" hana kifutio chochote mkononi.

Kuhusu leseni: wakopeshaji wa kwenye simu wasiochukua amana wanasajiliwa na Benki Kuu tangu kanuni za Machi 2022. Orodha iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, na tawi lao la Mombasa liko barabara ya Nkrumah. Ila angalia mtego: matapeli nao wameisoma hiyo orodha. Wanachukua jina la kampuni yenye leseni, nembo yake, wanafungua ukurasa wa Facebook. Kwa hiyo kuliona jina kwenye orodha hakutoshi. Chukua namba au anwani iliyo kwenye orodha yenyewe upige hiyo, uwaulize kama wanakujua.

Mtoto_wa_Majengo (saa 4:44)

Sisi grupu la msikiti liliingiliwa na "mkopo wa halali bila riba", kuna aya juu na picha ya Kaaba. Ada 1,500. Watu wakawa wanasema hawa ni ndugu zetu. Akasimama mzee mmoja, kazi yake ilikuwa benki, akasema benki za Kiislamu kwa kawaida hununua kitu unachokihitaji, zikakuuzia kwa faida mliyokubaliana, ukalipa kidogo kidogo. Hazikurushii elfu 80 kwenye simu ukanunue utakacho. Grupu likanyamaza. Wanne walikuwa wameshatuma.

Msimu_Umelala (saa 4:51)

Wamenipigia sasa hivi. Si yule dada, ni mwanamume, anasema ni wa idara ya sheria. Nisipotuma kabla ya saa sita usiku faili linafungwa na nitashtakiwa kwa kuvunja mkataba, na barua itapelekwa kwa mwajiri wangu.

Mikono inanitetemeka wallahi.

Khalti_wa_Kisauni (saa 4:53)

Mwajiri gani, aliyekupeleka nyumbani?

Nipe simu yako nikuzimie mwanangu. Hakuna mtu anayeshtakiwa kwa kutochukua mkopo ambao hakupewa. Sema wewe, mahakama ya Mombasa itamuita mtu imuulize mbona hukukopa?

FerryYaPili (saa 4:54)

Idara ya sheria inafanya kazi saa tano kasoro usiku, na serikali ya kaunti inafunga saa kumi na moja. Muombe kazi hapo.

Wakala_Mstaafu (saa 4:58)

Usimjibu. Usimtukane wala usimtege, watu wengi hupenda kuwachezea hawa jamaa, wewe hali yako sio ya kucheza. Ila kabla hujazuia namba, piga picha ya kila kitu: tangazo, barua, mazungumzo, na zile jumbe mbili za M-Pesa zenye namba za muamala. Ujumbe wao wa udanganyifu peleka 333, ni bure. Mtu akituma kimakosa anapeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 ili pesa zirudishwe, lakini hiyo huwa na maana dakika za mwanzo, kabla hazijatolewa. Zako ni za Ijumaa na Jumamosi. Jaribu kuwapigia, ila usilale ukizingojea.

Rudisha_Pesa_Haraka (saa 5:03)

Pole sana ndugu. Mimi pia nilitapeliwa 40,000 nikalia sana. Kuna kijana mtaalamu wa mitambo alinirudishia zote ndani ya saa mbili. Mtafute kwa namba hii [imefutwa na msimamizi]. Anachukua 1,500 tu ya programu.

FerryYaPili (saa 5:04)

Nzi ashanusa kidonda.

Msimamizi (saa 5:06)

Namba nimeifuta na aliyeandika nimemtoa. Ujumbe nimeuacha makusudi muuone. Huyu amejiunga leo, saa tatu na nusu usiku, dakika ishirini baada ya uzi kuanza. Akifika inboksi kwa mtu yeyote aniambie.

Bi_Mshonaji (saa 5:20)

Mimi nilikuwa msomaji tu, nimelazimika kuandika. Mwaka juzi nililiwa 7,900 kwa njia hii hii, mara nne. Baadaye nikaliwa 2,000 nyingine na mtu wa "kurudisha" kama huyo. Nadhani majina yetu wanauziana. Nilikwenda kituo cha polisi nikaandikisha, nikapewa namba ya OB, lile daftari la matukio la polisi. Sikudanganyi, pesa sikuzipata. Lakini namba ile ilinisaidia mwezi uliofuata, na ndio sababu naandika.

Ndugu, uliwatumia kitambulisho?

Msimu_Umelala (saa 5:23)

Ndio. Mbele na nyuma. Na picha yangu nimekishika kifuani.

Bi_Mshonaji (saa 5:31)

Basi hiyo ni kubwa kuliko 3,550. Kwangu walisajili laini kwa kitambulisho changu, wakatapelia mtu mwingine kwa jina langu. Nilikuja kupigiwa na mtu analia, ananiita mwizi. Bila ile OB ya mwanzo sijui ningejieleza vipi.

Bonyeza *106# usiku huu, itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua nenda duka la Safaricom kesho, ikatwe. Kisha nenda polisi uandikishe, hata kama askari atakutazama kama mjinga. Mimi alinitazama hivyo. Akaandika lakini.

Na PIN hukuwapa?

Msimu_Umelala (saa 5:38)

PIN sikutoa. *106# imeonyesha laini mbili, zote zangu. Alhamdulillahi.

Namba zao nimezuia. Sasa hivi nyumba kimya, naogopa hata kuwasha taa. Sawa, sitatuma. Lakini deni liko pale pale jamani. Kesho jua likitoka nadaiwa 40,100, tena sasa na jirani.

Khalti_wa_Kisauni (Jumanne, saa 12:25 asubuhi)

Nimeswali nikakufikiria. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na nane, mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo nakuambia kutoka upande wa pili wa daftari.

Anza na shemeji. Najua ndiye unayemkimbia, ndio maana nasema anza naye. Sisi waweka hazina hatumchukii anayekosa pesa, tunamchukia anayezima simu. Mwanachama akija kabla ya kikao akasema "kazi imesimama, naweza 500 kila Ijumaa", namtetea mbele ya wenzake. Asiyekuja nitamtetea na nini? Nenda na 300 mkononi, hata 200. Usiende mikono mitupu.

Mwenye nyumba, muombe mligawe deni mwezi kwa mwezi, na mkubaliane kwa ujumbe wa simu ili maneno yasigeuke. Wa dukani ni jirani, atakuelewa akiona unalipa hamsini hamsini.

Mikopo ya simu wacha Afisa aseme.

Afisa_Mikopo_MSA (saa 2:10 asubuhi)

Piga kampuni zote mbili kabla hawajakupigia wewe. Omba mpango wa malipo, na uliza kwa maandishi kama riba na faini zitasimama ukishaanza kulipa. Wengine hukubali, maana deni linalolipwa pole pole ni bora kwao kuliko lililokufa. Lipa ule mdogo umalize, upumue.

Wakianza kupigia watu walioko kwenye simu yako kukuaibisha, jua kanuni za 2022 zinakataza mkopeshaji mwenye leseni kufanya hivyo, na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hifadhi ushahidi, lalamika kwa Kamishna wa Data na Benki Kuu.

Kukopa kulipia mkopo sikushauri. Ukilazimika kabisa, Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, ni *254#, ilianza Novemba 2022, riba ni 8% kwa mwaka na haikudai ada ya kutuma kwanza. Kiwango cha kuanzia ni kidogo sana, 500 kwa wengi. Kwa madeni yako haitakuvusha. Nautaja mfuko huu kwa sababu hata jina hilo matapeli wanalitumia, ati "tutakupandishia limiti". Hakuna mtu wa kupandisha limiti.

FerryYaPili (saa 2:22)

Utani kando. Kuna mjomba wangu ana gari la kubeba maembe ya wakulima mpaka Kongowea, anatafuta mtu wa kupakua alfajiri. Mia sita kwa siku, mgongo utalia. Nitumie ujumbe. Mimi sitaki ada ya kufungua faili.

Msimu_Umelala (Jumapili, saa 1:40 jioni)

Nimerudi kuwapa habari. Napakua maembe siku ya nne leo, mgongo umelia kweli.

Nilikwenda kwa shemeji Jumanne jioni na 250. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akanionyesha simu yake: barua ileile, mihuri mitatu, ngao, jina lake, 150,000. Alikuwa ameshatuma mara mbili. Alidhani mimi ndiye nimekuja kumdai.

Kwa mke wangu nilisema Jumatano. Hayo tuyaache.

Polisi nimeandikisha, OB ninayo. Pesa Safaricom walisema zilishatolewa siku ile ile.

Mgeni_Changamwe (Jumapili, saa 2:15 usiku)

Samahani wakubwa, mimi ni mpya humu. Nimetumiwa barua ya mkopo wa 120,000, wanasema nilipe 1,150 ya faili. Nimeona hapa mnazungumzia mambo kama hayo, sijasoma yote. Hawa wa kwangu wana ofisi Nairobi, na dada anayenipigia anaongea vizuri sana.

Msimu_Umelala (saa 2:16)

Ushatuma?

Mgeni_Changamwe (saa 2:17)

Bado. Niko kwa wakala hapa, mbele yangu kuna watu wawili.

Msimu_Umelala (saa 2:17)

Toka kwenye foleni, nakuandikia inboksi.